Sabuni na krimu za kunyolea ndevu: Soma lebo kabla ya kutoa fedha

MFANYABIASHARA wa vipodozi anayefikiria kuongeza sabuni na krimu za kunyolea ndevu dukani mwake ana mambo mawili ya kuamua kabla ya kutoa fedha: anunue aina gani, na amuuzie nani. Akikosea la kwanza, mzigo utadoda. Akikosea la pili, mzigo unaweza kuwa mzuri na bado mtaji ukalala rafuni kwa miezi.

Bidhaa hizi za kutumia na maji, brashi na wembe ni za siku nyingi. Zilisukumwa pembeni na makopo ya povu la kupuliza, yaliyoingia sokoni Marekani karibu mwaka 1950, lakini hazikutoweka. Mjini Florence, Italia, kampuni ya Ludovico Martelli iliyoanzishwa mwaka 1908 bado inatengeneza Proraso. Uturuki, kampuni ya Evyap, iliyoanza mwaka 1927, inatengeneza sabuni ya kijiti iitwayo Arko. London, duka la Taylor of Old Bond Street, lililoanza mwaka 1854, bado linauza krimu za bakulini.

Zote tatu huitwa bidhaa za kunyolea, lakini haziuzwi kwa mteja mmoja. Kijiti cha Arko ni kitu cha matumizi ya kila siku cha mtu wa kawaida. Bakuli la London ni la zawadi na la mwenye nafasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga safari ya Istanbul au Dubai na kununua kwa kuangalia uzuri wa boksi anaweza kujikuta amebeba bidhaa ya mteja ambaye hapiti mtaani kwake.

Aina zilizopo

Kwa ujumla zipo aina nne. Ya kwanza ni sabuni ya kijiti, ambayo mtu huisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, kisha huipandisha povu kwa brashi. Ya pili ni sabuni ya duara inayokaa bakulini. Brashi iliyolowa huzungushwa juu yake. Ya tatu ni krimu ya tyubu au ya kopo pana, ambayo nayo hupandishwa povu kwa brashi, ingawa wengi hutumia vidole. Ya nne ni krimu isiyohitaji brashi kabisa, kama Barbasol ya Marekani iliyoanza mwaka 1919. Hii haitoi povu. Hupakwa kama losheni.

Nje ya hizo kuna unga wa kuondolea ndevu. Huo si sabuni. Hauhitaji wembe, kwani hula unywele kwa kemikali, na ukizidishiwa muda huunguza ngozi. Muuzaji asiuchanganye rafu moja na sabuni wala asimpe mteja aliyeomba krimu.

Kilichomo ndani

Kazi ya povu si kupamba uso. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa kwa dakika mbili au tatu hunywa maji na kulainika, na wembe huhitaji nguvu ndogo kuukata. Povu zuri huyashika maji hayo yasikauke, na huweka utelezi kati ya wembe na ngozi. Povu baya hukauka mtu akiwa bado yuko shavu la kwanza.

Tofauti hiyo hutokana na malighafi. Sabuni yoyote hupatikana kwa kuchanganya mafuta na alkali. Sabuni ya mche ya kufulia hutumia kostiki soda, ambayo hutoa sabuni ngumu. Sabuni ya kunyolea hutegemea zaidi alkali ya potasi, ambayo hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi majini. Kijiti na sabuni ya duara huchanganya alkali zote mbili ili zishikike mkononi. Krimu ya tyubu hutegemea zaidi potasi na ina maji mengi.

Kwa upande wa mafuta, nazi hutoa povu la haraka lenye mapovu makubwa, lakini halidumu. Asidi ya steariki, ambayo hupatikana katika mafuta ya ng'ombe na pia hutolewa kwenye mawese, huchelewa kidogo kutoa povu, lakini povu lake ni zito na hukaa. Glisirini huvuta maji na kuyashika. Sabuni nzuri ya kunyolea huwa na vyote vitatu, na steariki ndiyo kiungo kikuu.

Ndiyo maana sabuni ya kuogea haiwezi kuchukua nafasi ya sabuni ya kunyolea, hata ikitoa povu jingi bafuni.

Namna ya kusoma lebo

Chini ya sheria za vipodozi za nchi za Umoja wa Ulaya, viungo huandikwa kwa kufuata wingi: kilicho kingi hutangulia. Vilivyo chini ya asilimia moja ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote. Watengenezaji wengi wa nje ya Ulaya nao hufuata utaratibu huo.

Kwa krimu, mfanyabiashara atarajie kuona maji, yanayoandikwa "Aqua", kisha "Stearic Acid" ikiwa miongoni mwa viungo vya mwanzo kabisa, mafuta ya nazi, "Potassium Hydroxide" na "Glycerin". Krimu ya kijani ya Proraso, kwa mfano, ina mpangilio wa namna hiyo, na imeongezwa mikaratusi na mentholi inayoleta ubaridi usoni. Kwenye kijiti au sabuni ya duara, viungo huweza kuandikwa kwa jina la sabuni yenyewe, kama "Potassium Stearate" au "Sodium Palmate". Penye neno "Tallowate" pana mafuta ya mnyama.

Lebo inayoanza na kostiki soda na mawese peke yake, bila potasi wala steariki, ni ya sabuni ya kuogea hata kama picha ya juu ni ya mwanamume mwenye ndevu.

Mambo mengine mawili ya kuangalia ni manukato na tarehe. Majina kama "Limonene" na "Linalool" ni ya vitu vya manukato ambavyo huwasha baadhi ya watu, kwa hiyo ni busara kuwa na angalau bidhaa moja isiyo na manukato. Kuhusu tarehe, vipodozi vingi vya Ulaya vinavyodumu zaidi ya miezi 30 haviandikwi tarehe ya mwisho wa matumizi. Badala yake huwa na alama ya kikopo kilicho wazi yenye maandishi kama 12M, maana yake miezi 12 tangu kufunguliwa. Mteja asiyejua alama hiyo hudhani amefichwa tarehe. Muuzaji aijue ili aweze kumweleza.

Jaribu kwa maji ya kisima

Sabuni iliyofanya vizuri hotelini Istanbul inaweza kushindwa nyumbani kwa mteja, na sababu ni maji. Maji magumu, yenye madini ya chokaa na magnesi, huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe badala ya povu. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda wa pwani yana chumvi, na wenye nyumba wanajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Chukua sampuli, brashi na bakuli mbili. Bakuli la kwanza pandisha povu kwa maji ya mvua, la pili kwa maji ya kisima cha mtaa ambako bidhaa itauzwa. Acha dakika tano. Povu lililobaki zito katika bakuli zote mbili ni la bidhaa inayofaa. Likisimama katika la kwanza na kuanguka katika la pili, bidhaa hiyo iuzwe penye maji ya bomba yasiyo magumu, au isiagizwe. Baadhi ya watengenezaji huongeza kiungo cha kufunga madini, ambacho mara nyingi huandikwa "Tetrasodium EDTA". Pwani, kiungo hicho kina thamani.

Hesabu ya kunyoa mara moja

Bei ya kopo haimwelezi mteja gharama yake halisi. Hesabu inayofaa ni ya kunyoa mara moja. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake.

Kopo la povu la mililita 200 kwa Sh. 8,000/=, likitoka mililita 5 kila mara, hunyoa mara 40. Kila mara ni Sh. 200/=. Tyubu ya krimu ya gramu 100 kwa Sh. 6,000/=, kwa gramu 2 kila mara, hunyoa mara 50, yaani Sh. 120/=. Kijiti cha gramu 75 kwa Sh. 5,000/=, kwa gramu moja kila mara, hunyoa mara 75, yaani kama Sh. 67/=.

Mteja wa kijiti anahitaji brashi. Tuseme ni Sh. 10,000/=. Tofauti yake na mtu wa kopo ni kama Sh. 133/= kila mara, kwa hiyo brashi hujilipa baada ya kunyoa mara 75. Anayenyoa mara tatu kwa wiki hufika hapo katika wiki 25, siku ileile kijiti cha kwanza kinapokwisha.

Hiyo ni habari njema kwa mteja, lakini kwa mfanyabiashara ina upande wa pili. Mteja huyo atarudi kununua kijiti mara mbili tu kwa mwaka. Wateja 100 wa namna hiyo ni vijiti kama vinne kwa wiki. Mwenye duka anayetegemea kijiti kimlipie pango atasubiri sana. Kijiti kinamleta mteja na kujenga imani. Wembe, shabu ya kuzuia damu na mafuta ya baada ya kunyoa ndivyo vinavyomrudisha kila mwezi. Viwekwe pamoja.

Mnunuzi mkubwa ni kinyozi

Mzunguko wa haraka uko kwa vinyozi, lakini si wote. Wengi hutumia mashine ya umeme bila povu. Mfanyabiashara apite kwanza mtaani kwake na kuhesabu wanaonyoa kwa wembe.

Kinyozi anayenyoa ndevu za watu kumi kwa siku, siku 25 kwa mwezi, kwa gramu 2 kila mtu, hutumia gramu 500, yaani tyubu tano. Vinyozi 20 wa aina hiyo ni tyubu 100 kwa mwezi.

Kwa vinyozi bidhaa ya kuuza ni tyubu, si kijiti. Kijiti kinagusa uso wa mtu, na hakifai kupita kutoka uso mmoja hadi mwingine penye uwezekano wa damu. Krimu ya tyubu hukamuliwa bila kugusa mtu. Hali kadhalika wembe uwe mpya kwa kila mteja, na brashi itakaswe, la sivyo kinyozi apake kwa mikono safi.

Brashi si kitu kidogo

Historia inafundisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, brashi zilizotengenezwa kwa nywele za farasi zisizotakaswa zilieneza kimeta kwa wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Somo ni kwamba brashi isiyojulikana ilikotengenezwa si ya kununua kwa sababu ya bei peke yake.

Jambo la pili linagusa soko la pwani na Visiwani moja kwa moja. Brashi nyingi za bei nafuu, hasa za Italia, hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Kwenye boksi huandikwa "boar", "bristle" au, kwa Kiitaliano, "setola". Mteja Mwislamu akigundua hilo baada ya kuitumia, muuzaji hapotezi brashi moja. Anapoteza mtaa mzima. Zipo brashi za nyuzi za plastiki ambazo hukauka haraka, hazina utata wa dini na ni rahisi kutakaswa. Kwa soko hilo ndizo za kuagiza.

Swali hilohilo huulizwa juu ya mafuta ya mnyama katika sabuni. Lebo haisemi kila mara ni mnyama gani. Asiye na jibu la maandishi kutoka kwa mtengenezaji achague bidhaa ya mafuta ya mimea, au asiseme neno halali.

Usafirishaji na ushuru

Kopo la povu lina gesi inayowaka, na katika usafirishaji huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Halipandi ndege kama mzigo wa kawaida, na maandishi yake huonya lisiachwe kwenye joto linalozidi nyuzi 50. Kontena au stoo ya bati juani inaweza kufika huko. Sabuni na krimu hazina gesi. Hatari kubwa kwa krimu ni tyubu kupasuka kwa kugandamizwa.

Upande wa forodha, orodha ya kimataifa huweka sabuni ya kunyolea ya kipande katika kifungu 3401, pamoja na sabuni nyingine. Krimu na povu la kunyolea ziko kifungu 3307, pamoja na vipodozi. Brashi ziko 9603. Vitu vitatu vinavyotumika pamoja vinaandikwa sehemu tatu, na ushuru wake unaweza kutofautiana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza na viwango vya asilimia 0, 10 na 25 mwaka 2005, na Julai 2022 ikaongeza cha asilimia 35. Wakala wa forodha aulizwe juu ya kila kifungu kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika bandarini.

Aidha, tangu Julai 2019 usajili na usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), badala ya iliyokuwa TFDA. Zanzibar kazi hiyo ni ya ZFDA. Mzigo wa bei rahisi usiosajiliwa ukikamatwa hauna faida ya kuhesabu.

Suala la vipele

Wanaume wengi wenye ndevu za kipilipili husumbuliwa na vipele baada ya kunyoa. Unywele uliokatwa chini sana hujikunja na kurudi kuchoma ngozi. Wembe mmoja, kunyoa kwa kufuata unywele unakoelekea, kutovuta ngozi na kulainisha ndevu vizuri hupunguza tatizo. Sabuni nzuri inasaidia katika hilo la mwisho tu. Muuzaji anayeahidi kwamba krimu inaponya vipele atauza tyubu moja kwa kila mteja na hatamwona tena. Mwenye vidonda au usaha aelekezwe kwa daktari.

Nafasi ya mwekezaji mdogo

Malighafi nyingine ziko karibu. Nazi hulimwa Mafia, Tanga na Zanzibar, mawese Kigoma na visiwa vya Kalangala nchini Uganda. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imefundisha wajasiriamali wengi kutengeneza sabuni. Hata hivyo sabuni ya kunyolea inataka alkali ya potasi na asidi ya steariki, ambazo mtengenezaji wa sabuni ya mche hana stoo. Alkali hizo huunguza, na kipimo kikikosewa sabuni huunguza uso wa mteja. Anayetaka kuingia aanze na krimu ya kopo ya kuuzia vinyozi wachache, apime kila mchanganyiko na asajili kabla ya kupanua.

Mfano wa agizo la kwanza

Tuchukue mfanyabiashara mwenye Sh. 2,000,000/=. Aweke Sh. 1,000,000/= kwenye tyubu. Zikimfikia dukani kwa Sh. 4,500/= kila moja, gharama zote zikiwemo, ni tyubu 222. Akiwauzia vinyozi 20 kwa Sh. 5,500/=, zitakwisha katika miezi miwili na siku chache, na atabaki na Sh. 222,000/= kabla ya pango. Sh. 500,000/= ziende kwenye vijiti na brashi za plastiki kwa wateja wa nyumbani, Sh. 300,000/= kwenye nyembe na shabu. Sh. 200,000/= zibaki taslimu, kwani bado hajajua ni kipi kitakwisha kwanza.

Mabakuli ya zawadi yasubiri. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema hakijiuzi kikiwekwa mtaa usio na mteja wake.